Kabla hujamnunulia mtoto kitanda, waangalie wanaolala wakining'inia kwenye mwamba

POSTI YA 1: SWALI LA INBOKSI



Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Sista, mtoto nimnunulie kitanda gani?" Mnanitumia na picha. Vitanda vyeupe vyenye mapazia, vyenye mito pembeni kuzunguka, viota vya sponji, vibembea vinavyotingishika vyenyewe, vimto vidogo vyenye shimo katikati. Chini ya picha kuna bei, halafu: "Hiki je, kizuri?"

Jibu nalitoa mapema, ili hata mwenye bando la kuungaunga aondoke nalo. Kitanda kizuri cha mtoto mchanga ni bapa, ni kigumu, kimekazwa, kiko kitupu, na hewa inapita. Basi. Hayo mengine ni mapambo, na kuna mapambo yanayoua.

Najua jibu hilo halijawafurahisha wengi. Mama amebeba mimba miezi tisa, anataka mtoto alale mahali laini kama wingu, halafu anakuja nesi anasema kigumu, kitupu. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika mfululizo, na nitapita njia ambayo hamkuitegemea. Nitawapeleka kwa watu wanaolala usiku mzima wakining'inia mita mia kadhaa juu ya ardhi. Watu hao wakichagua kitanda hawachagui rangi. Wanauliza maswali matano au sita, na kila swali lina uhai ndani yake. Maswali yaleyale ndiyo nataka muyaulize mkiwa dukani au kwa fundi seremala.

Twende taratibu.

POSTI YA 2: KITANDA KINACHOITWA POTALEJI

Kuna bonde huko California, Marekani, linaitwa Yosemite. Ndani yake kuna mwamba unaitwa El Capitan, umesimama wima kama ukuta, kimo chake takriban mita 900. Watu wanaupanda kwa mikono na kamba. Walioufungua kwa mara ya kwanza kwa njia yake ya katikati, Warren Harding na wenzake, walimaliza mwaka 1958. Walifanya kazi hiyo kwa awamu, wakipanda na kushuka, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja.

Sasa ukuta wa mita 900 huumalizi kwa siku moja kirahisi. Jua linazama, uko katikati, chini huwezi kurudi, juu hujafika. Unalala wapi?

Zamani walilala kwenye bembea ya kitambaa, imefungwa kwenye msumari uliopigwa kwenye ufa wa mwamba. Mwaka 1970 huyohuyo Harding na mwenzake Dean Caldwell walikaa siku 27 kwenye El Capitan wakilala kwenye bembea za namna hiyo. Mvua ikawapiga, chakula kikapungua, waokoaji wakataka kuwafuata, wao wakakataa, na wakafika juu wazima.

Lakini waliolala humo wanajua mateso yake. Kitambaa kinajikunja, kinakubana mabega, kinakukunja kama ndizi, mgongo unapinda, na upande mmoja mwamba unakusukuma. Hulali, unasubiri asubuhi.

Ndipo miaka ya 1970 na 1980 wapandaji wakaanza kutengeneza kitanda chenye fremu. Mirija ya alumini inaunganishwa kuwa mstatili, kitambaa kigumu kinavutwa juu yake mpaka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Mikanda kwa kawaida sita, minne kwenye kona na miwili katikati ya pande ndefu, inapanda juu na kukutana sehemu moja. Sehemu hiyo ndiyo inafungwa kwenye mwamba. Kikichomolewa kinaingia kwenye mfuko mrefu na kuvutwa kwa kamba. Kitanda hicho ndicho potaleji.

Wale vijana wawili, Tommy Caldwell na Kevin Jorgeson, waliopanda upande unaoitwa Dawn Wall kuanzia mwisho wa Desemba 2014 hadi Januari 14, 2015, siku 19 ukutani, nyumbani kwao kulikuwa kwenye potaleji. Walilala humo, walikula humo, walitibu vidole vilivyochanika humo. Ukitazama video zake utaona kikombe cha chai kimetulia, na chini yake hewa tupu.

Nilipoziona mara ya kwanza, kichwa changu cha unesi hakikufikiria mwamba. Nilifikiria wodi ya watoto.

POSTI YA 3: SWALI LA KWANZA, NI BAPA?

Mabadiliko makubwa ya kitanda cha ukutani yalikuwa kutoka kwenye kitu kinachokukunja kwenda kwenye kitu kinachokunyoosha. Mtu mzima, mwenye shingo ngumu na misuli, bado alihitaji sehemu bapa ili apumue na apumzike vizuri.

Sasa mfikirie mtoto wa wiki mbili. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Shingo haina nguvu. Njia yake ya hewa ni nyembamba mno. Ukimlaza kwenye kitu kilichopinda, au kilichoinama, au laini kinachobonyea, kidevu kinaangukia kifuani. Mrija wa hewa unabanwa kama vile unavyokunja mrija wa soda. Hana nguvu ya kunyanyua kichwa. Na kibaya zaidi, halii. Mtoto anayekosa hewa namna hiyo anaondoka kimya, mama yuko hapohapo anakunja nguo, akidhani mtoto kalala vizuri.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2019 huko Marekani kampuni ya Fisher-Price iliyaita sokoni yarudi karibu mamilioni 4.7 ya viti vyake vya kulaza watoto vya Rock 'n Play, baada ya taarifa za vifo vya watoto zaidi ya 30. Vilikuwa vizuri kwa macho, vimeinama kidogo, laini, vinabembea. Mwaka 2022 nchi hiyo ikatunga sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10, na ile mito ya kuzungushia pembeni. Bidhaa za namna hiyo bado mnaziona mtandaoni, nyingine mitumba, na wauzaji wanasema "original ya Marekani". Ndiyo, ya Marekani kweli. Kule ndiko zilikokataliwa.

Kwa hiyo swali la kwanza: ni bapa? Weka kiganja katikati ya godoro ubonyeze, kisha uachie. Kama shimo linabaki, au kiganja kinazama, acha. Godoro la mtoto liwe gumu kiasi kwamba wewe mtu mzima ukilalia utalalamika. Yeye hatalalamika, hajui godoro laini likoje.

Na mtoto alale chali. Kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Kwa kubadilisha mlalo tu, bila dawa.

"Sista, atapaliwa akicheua?" Naulizwa hili kila wiki. Mtoto mzima wa afya akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula. Akicheua, maziwa hayapandi kirahisi kuingia kwenye hewa, na anameza au anakohoa. Akilala tumbo, ndipo maziwa yanakaa mlangoni mwa njia ya hewa. Mcheulishe kabla ya kumlaza, kisha chali.

"Kichwa si kitakuwa bapa nyuma?" Mgeuzie upande wa kuangalia, leo kulia, kesho kushoto. Akiwa macho na wewe unamtazama, mlaze tumbo acheze. Kimto chenye shimo hakihitajiki.

POSTI YA 4: SWALI LA PILI, KITAVUNJIKA WAPI?

Mpandaji akichagua potaleji haulizi "je, ni imara?" Kila muuzaji atasema imara. Anauliza: kikivunjika, kitaanzia wapi? Jibu karibu kila mara ni kwenye viungo. Kona za mirija, mishono ya kitambaa, vifungo vya mikanda.

Mwaka 1986 John Middendorf na wenzake wawili walinaswa na dhoruba wakiwa kwenye mwamba wa Half Dome, hukohuko Yosemite. Vitanda vyao na vifuniko vyake vilishindwa na upepo na barafu, wakaokolewa kwa helikopta. Baada ya hapo Middendorf alijikita kutengeneza potaleji zenye fremu na vifuniko vya kuhimili dhoruba, na jina lake likawa kubwa kwenye kazi hiyo. Alijua kiungo kilichoshindwa kina maana gani, kwa sababu alikuwa amekalia hicho kiungo.

Leteni hekima hiyo nyumbani. Marekani walikuwa na vitanda vya watoto vyenye upande mmoja unaoshuka, mama anashusha ubavu ili amchukue mtoto bila kuinama. Raha kweli. Lakini reli na vibanio vya ubavu ule vilikuwa vikilegea, ubavu unachomoka kidogo, mtoto anaingia kwenye uwazi kati ya ubavu na godoro na kubanwa. Kuanzia Juni 2011 vikapigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa huko. Sasa vinazunguka duniani kama mitumba. Ukikutana navyo, pita.

Ukienda kwa fundi seremala wa mtaani, na wengi wetu ndiko tunakotengenezesha, mwambie hivi:

Mbao ziwe zimekauka vizuri. Mbao mbichi itakauka ikiwa kitanda tayari, itasinyaa, na kila kiungo kitalegea.

Aunge kwa bolti na nati, asitegemee misumari. Msumari unatoka taratibu kila mtoto akitingisha. Bolti unaikaza mwenyewe kila mwezi.

Fito za pembeni ziwe karibukaribu, uwazi usizidi sentimita 6. Kipimo chepesi: chukua kopo la soda. Likipita kati ya fito, uwazi ni mkubwa mno. Mwili mdogo unaweza kupita, kichwa kikabaki.

Godoro likae sawasawa na fremu. Ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya godoro na ubavu, godoro ni dogo. Usijazie nguo hapo, tengeneza jingine.

Nguzo za kona zisichomoze juu, zitanasa nguo shingoni. Rangi iwe isiyo na risasi, maana mtoto atazitafuna hizo fito, hilo sina shaka nalo. Kitanda cha zamani kilichopigwa rangi isiyojulikana kikwangue chote mbali na watoto, au kiache.

Na jambo moja nalipenda sana kwa wapandaji: potaleji mpya hawaifungui kwa mara ya kwanza wakiwa juu. Wanaiunganisha kwanza wakiwa chini, wanailalia, wanaichomoa, wanairudia mpaka mikono inazoea. Basi na wewe usisubiri urudi kutoka wodini na mshono wako, baba watoto ndiyo anasoma maelekezo ya kitanda saa nne usiku. Kiungeni mimba ikiwa na miezi minane. Kitingisheni. Mwekeeni mfuko wa unga wa kilo 10 kikeshe nao.

POSTI YA 5: SWALI LA TATU, KITAMBAA KIKILOWA NA KIKIPIGWA JUA?

Hapa mama wa kanga na vitenge mtanielewa haraka.

Nailoni ni imara, haichaniki kirahisi, lakini ikilowa inanywa maji na kulegea. Kitanda kilichokuwa kimekaza jioni, asubuhi baada ya mvua kimebonyea katikati. Poliesta inanyonya maji kidogo sana, hailegei sana, na inavumilia jua kuliko nailoni. Ndiyo maana watengenezaji wa potaleji wanachagua vitambaa vizito vilivyopakwa utando wa kuzuia maji. Uzito unaongezeka, lakini kitanda kinabaki kimekaza. Na wote wanajua jua linakula nailoni: mkanda uliokaa juani muda mrefu unaonekana mzima kwa macho, na nguvu imekwisha ndani.

Kwa mtoto, mvua ni mkojo. Sponji ikinyonya mkojo kila siku inaoza, inabonyea, inatoa harufu. Godoro liwe na kifuniko kisichopitisha maji, kinachobana kila upande. Kama hela ya kifuniko hakuna, ule mpira mnene mlionunua kwenda kujifungulia, uoshwe vizuri na ukaushwe, utandikwe juu ya godoro na kuchomekwa chini kabisa, kisha shuka moja iliyokazwa juu yake. Msitumie mifuko laini ya plastiki. Ile inanata usoni, na mtoto hawezi kuitoa.

Shuka: moja, imebana. Ukiweza kuikusanya kwa mkono katikati ya kitanda, mtoto naye ataikusanya kwa miguu mpaka imfike usoni.

Blanketi: mvalishe badala ya kumfunika. Nguo tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe inatosha. Gusa kifua au shingo ya nyuma kujua kama ana baridi, si viganja. Viganja vya mtoto huwa vya baridi tu.

Chandarua: kiwe cha dawa, kiningi'nizwe juu na kichomekwe chini ya godoro pande zote, kikaze. Kikilegea kikamgusa, mbu atamuuma kupitia matundu, na kitambaa kinaweza kumfunika. Kamba za kuning'inizia ziwe fupi na ziishie juu, mbali na mkono wake. Kipya kitandazwe kivulini kwanza, siku moja usiku na mchana. Ukikifua, sabuni ya kawaida, na uanike kivulini. Jua linakula dawa yake, kama linavyokula mikanda ya wale wa ukutani.

Mbeleko nayo ni kitanda cha kuning'inia, tena mwamba ni wewe mwenyewe. Kanga ya pamba inashika vizuri, vitambaa vya kuteleza vinafunguka fundo. Uso wa mtoto uonekane, kidevu kisiguse kifua, miguu ipanuke kama chura ili nyonga zikae vizuri. Inatosha kwa leo, mbeleko nitaiandikia posti yake.

POSTI YA 6: SWALI LA NNE, HEWA INAPITA?

Posti hii naomba muisome hata kama mmechoka. Kama mtasambaza moja tu, iwe hii.

Potaleji ina kifuniko chake, turubai linaloshuka kutoka juu na kuizunguka yote. Dhoruba ikija wanajifungia humo. Ndani kuna baridi kali, wanataka chai, wanawasha jiko dogo la gesi lililoning'inizwa. Na hapo ndipo wapandaji wenye akili wanafungua upenyo wa hewa hata kama theluji inaingia. Wanajua ndani ya hema lililofungwa, moto unatoa kaboni monoksidi.

Hewa hiyo haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka lakini imebeba sumu. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Unadhani ni uchovu. Unalala. Huamki.

Mama zangu wa Njombe, Makete, Mbeya, Arusha, Lushoto, na nyie wa Limuru na Nyandarua upande wa Kenya, mnajua ninachotaka kusema. Mwezi wa sita na wa saba baridi inauma. Mtoto kaoga, mama kajifungua, bibi anasema mzazi asipigwe na baridi. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, na nguo zinazibwa chini ya mlango.

Sisi wa hospitali tunawapokea asubuhi. Kuna familia tunazipokea zote, na kuna ambazo anafika mmoja.

Mkaa ulioiva, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa sumu hiyo. Msidanganyike kwa sababu hakuna moshi. Kufungua kidirisha kidogo hakutoshi. Mwenye mimba yuko hatarini zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni anaumizwa na sumu hiyo hata pale mama anapojisikia nafuu.

Kwa hiyo: jiko la mkaa halilali chumbani. Halilali. Pasha chumba mapema kama ni lazima, milango wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtu yeyote hajalala. Tumieni chupa za maji ya moto kupasha kitanda, na uziondoe kabla mtoto hajalazwa. Mkumbatie mtoto ngozi kwa ngozi. Joto la mama halina moshi na ni la bure.

Ukiingia chumbani ukakuta watu wamelegea na kuna jiko, fungua, watoe nje haraka, kisha hospitali mara moja wakapewe oksijeni. Msianze kuwanywesha maziwa, mtawapotezea muda.

POSTI YA 7: SWALI LA TANO, KAMBA YA PILI IKO WAPI?

Kitu kilichonikaa zaidi ni hiki. Mpandaji akiwa amelala kwenye kitanda chake ghali, kilichopimwa, havui mkanda wa kiunoni. Usiku kucha amefungwa kwa kamba inayokwenda moja kwa moja kwenye mwamba, bila kupitia kitandani. Kitanda kikisambaratika saa nane usiku, yeye anabaki ananing'inia.

Anakiamini kitanda chake, lakini usiku mmoja mbaya unatosha.

Kwa mtoto, kamba ya pili ni nini? Kwanza, nafasi yake kulala karibu na wewe. Kitanda chake kiwe chumba kimoja na chako, mkono wako ukimfikia, angalau miezi sita ya mwanzo. Pili, kitanda kitupu. Hakuna mto, hakuna mwanasesere, hakuna mito ya pembeni, hakuna chupa iliyoegemezwa. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kumziba. Tatu, ukikuta amelala kwenye kiti cha gari au kibembea, mhamishie kitandani.

Sasa nawasikia wale wa chumba kimoja. "Sista, mimi nina kitanda kimoja, tunalala wanne, hicho kitanda cha mtoto nitakiweka wapi?"

Sitawasema. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na mama anayenyonyesha usiku atasinzia, hilo ni jambo la kawaida. Ninachosema ni kwamba kama mtoto atalala kwako, basi kitengeneze kitanda chako kwa maswali yaleyale. Godoro lisiwe la kubonyea. Mtoto alale chali upande wako, asiwe katikati ya wewe na baba yake, wala kati yako na mtoto mkubwa. Mto wako uwe mbali na kichwa chake. Blanketi zito likufike wewe kiunoni, yeye avalishwe. Usimwache karibu na ukuta wenye uwazi, atadumbukia humo na kubanwa. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyekunywa dawa ya usingizi asilale na mtoto, hata kama ni baba mwenye nyumba. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo asilale kitanda kimoja na watu wazima. Huyo mfunge kifuani ngozi kwa ngozi ukiwa macho na umeegemea, kama tulivyokuelekeza wodini, na usingizi ukikushika mwenzako apokee zamu.

Na kwenye kochi, kamwe. Usinyonyeshe ukiwa umelala kwenye kochi usiku. Kochi ni hatari kuliko kitanda kwa mbali. Ukijua utasinzia, ni heri uhamie kitandani kulikoandaliwa.

Asiye na hela ya kitanda kabisa: boksi gumu lisilo na kifuniko, au beseni pana bapa la kufulia, ndani blanketi moja lililokunjwa likakazwa chini ya shuka, chini sakafuni kando yako, chandarua juu. Kwa miezi ya mwanzo hicho ni kitanda halali kabisa. Ni bora mara kumi kuliko kiota cha sponji cha laki mbili.

POSTI YA 8: MAJIBU YA KWA MAMA MKWE

Najua kesho mtu atakwambia: "Sisi wote tulilala tumbo, tukawekewa mito, tukakua. Huyo nesi wenu anasoma vitabu vya Wazungu."

Mjibuni kwa heshima, ni mzazi. Mwambieni hivi: Warren Harding alilala kwenye bembea siku 27 ukutani na akashuka mzima. Hilo halikuwafanya waliomfuata waendelee na bembea. Walikuwa na shukrani kwamba alipona, na wakatengeneza kitanda kilicho bapa. Sisi tuliokua ni ushahidi kwamba tulipona. Wale ambao hawakupona hawako hapa kutoa maoni.

Na wifi akileta zawadi ya mto na mapambo, pokea, shukuru, piga picha umtumie. Mapambo yapange kabatini. Mto mtoto atautumia akianza kutembea na kukimbia. Uhusiano haujavunjika, na mtoto yuko salama.

Kwa baba mnaonisoma kimyakimya: kazi yenu ni bolti. Kila mwezi siku ya mshahara, kaza bolti za kitanda, pitisha vidole kati ya godoro na ubavu, angalia kamba za chandarua. Mtoto akianza kukaa mwenyewe, shusha godoro chini zaidi. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Maoni yangu mimi, na nitayasimamia: tunatumia hela nyingi kwenye kitanda cha mtoto kwa ajili ya macho ya wageni. Mtoto mchanga hana habari na pazia. Anahitaji kile anachohitaji mtu aliyelala mita 600 juu ya bonde. Sehemu bapa. Kitambaa kilichokaza. Viungo vilivyokaguliwa. Hewa. Na kamba ya pili.

Ukienda dukani ukiwa na maswali hayo, muuzaji hatakubabaisha. Ukienda kwa fundi, beba kopo la soda.

Posti inayofuata ni mbeleko na nyonga za mtoto, kama nilivyoahidi. Nitumieni maswali, ila picha za watoto wenu msiweke hadharani kwenye komenti, tumieni inboksi. Mwenye mjamzito kwenye familia mtumie posti ya 6 leoleo, baridi imeshaanza.

Usiku mwema. Watoto chali, jiko nje.